Kichwa tunacho, mkia hatuna: Dunkleosteus alikuwa na mita ngapi?

Picha nyingi za Dunkleosteus, samaki wa kale mwenye deraya, humpa urefu wa mita 8 hadi 10. Mimi siziamini tena, na kiini cha sababu yangu unaweza kukipima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani, kwa samaki wa pale soko la Darajani, Unguja.

Samaki huyu aliishi mwishoni mwa kipindi cha Devoni, kiasi cha miaka milioni 360 iliyopita, na mabaki yake mazuri zaidi hutoka katika miamba ya Ohio, Marekani. Kwetu msimtafute, mawe ya matumbawe ya Unguja na Pemba ni machanga mno. Kilichosalia ni mabamba mazito ya mfupa ya kichwani na kifuani. Sehemu kubwa ya kiunzi cha nyuma ilikuwa gegedu, nayo huoza. Basi urefu wote unakadiriwa kwa kichwa. Wapo waliopima mdomo wakaulinganisha na wa papa, hali ya kuwa samaki wa jamii hii walikuwa na midomo mikubwa kuliko papa wa urefu ule ule. Hesabu ikavimba.

Mwaka 2023 mtafiti Russell Engelman alipima kichwa kuanzia ukingo wa mbele wa jicho hadi mwisho wa kifuniko cha matamvua, akaiacha pua. Mtazame sulisuli uone faida yake: ukianzia kwenye ncha ya mdomo, kichwa kinatoka kirefu ajabu, ukianzia kwenye jicho, uwiano wa kichwa na mwili unarudi karibu na wa samaki wengine. Mkunga ndiye atakayekuvuruga, maana kilichorefuka kwake ni mwili. Kwa hiyo ni lazima kumtazama pia Coccosteus wa Scotland, jamaa mdogo wa Dunkleosteus aliyehifadhika pamoja na mkia. Jibu la Engelman ni kama mita 3.4 kwa samaki mzima wa kawaida, na 4.1 kwa mkubwa kabisa. Tena alikuwa mnene, umbo lake likimkaribia zaidi jodari kuliko papa.

Ukali wake uko pale pale. Mdomo wa pono ni meno mengi yaliyoshikana. Makali ya Dunkleosteus yalikuwa mfupa mtupu, taya la juu na la chini yakinoana kila yalipofunga. Deraya ya kichwa na ya kifua ziliungana kwa kiungo, hivyo taya la chini likishuka, kichwa nacho kiliinuka. Mahesabu ya watafiti Anderson na Westneat ya mwaka 2007 yanaonyesha mdomo ulifunguka kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kasi ya kutosha kumvuta windo ndani pamoja na maji.