Msimnyang'anye mama matembele yake

"Amerudi utotoni. Tunamfanyia kila kitu, yeye apumzike." Maneno haya juu ya mama mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, nayasikia hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba na mtaa wa Kenya, nayasikia kwa waliosoma na wasiosoma. Leo nayajibu kwa maandishi, maana yanaumiza wazee wengi kwa jina la upendo.

Mtoto hana mazoea. Mama wa miaka 74 mwenye demensia ana miaka sitini ya kusonga bukari (ugali), kukunja kitenge na kuchambua majani. Alzaima, aina moja ya demensia, hula kwanza kumbukumbu za juzi na uwezo wa kupanga hatua. Mazoea ya mikono hukawia kuondoka. Ndiyo maana asubuhi anasahau jina lako, na mchana anachambua matembele kukushinda. Anachopoteza mapema ni kuanza kazi, kuifuatanisha, na kujua kwamba imekwisha. Ukimwondolea kazi nzima kwa sababu ya hatua moja iliyokatika, unamwondolea na zile alizobaki nazo. Anasinzia mchana kutwa, usiku anazunguka nyumba akitikisa mlango. Halafu mnasema ugonjwa umezidi.

Ergoterapia, tiba ya kumsaidia mgonjwa amudu shughuli zake za kila siku, huanza kwa kutafuta hatua iliyokatika. Mwekee matembele, mwangalie dakika tano bila kumsaidia. Hakuanza? Chambua wewe jani la kwanza mbele yake, la pili mtie mkononi. Anachanganya majani na vijiti? Mpe mabeseni mawili ya rangi moja yasiyo na maua, moja ulitie majani machache tayari ili aone, na uondoe machoni pake kisu, chumvi, simu, kila kitu kingine. Kitambaa chenye maua chini ya kazi kinamponza: ataanza kuokota maua yaliyochorwa. Anaacha katikati? Mpunguzie fungu, zima redio.

Penye kuharibika zaidi ni maneno. "Mama, unakumbuka tunavyofanya? Si jana ulifanya? Chukua hilo, hapana, lile, ngoja kwanza." Hapo kuna mtihani, kuna amri tatu, na kuna aibu mbele ya wajukuu. Sema mara moja: "Mama, chambua." Kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi, polepole. Ubongo wake unahitaji muda huo, na ukirudia katikati unamrudisha mwanzo. Bado? Onyesha kwa mkono. Bado? Weka mkono wako chini ya wake, muanze pamoja, kisha uutoe. Akivunja shina pamoja na jani, mwacheni. Mtachagua upya baadaye, asiwaone.

Moto na maji yanayochemka asiachiwe peke yake. Na mbabula, jiko la makaa, haiingizwi chumbani kufukuza baridi ya Juni: hewa yake ya sumu haionekani, na inaua hata mzima.

Kuoga: mchana penye joto, maji ya vuguvugu yakiwa tayari, kiti kisichoteleza, kuanzia miguuni, kichwa mwisho, kitenge mabegani muda wote. Wengi wanaopiga kelele wanakimbia baridi na aibu.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msiseme ni uzee. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, choo kigumu au dawa mpya. Kituo cha afya, siku hiyo hiyo.

Kuhusu uthibitisho, lazima niseme yote. Mwaka 2006 Maud Graff na wenzake, Uholanzi, walichapisha utafiti wa ergoterapia ya ziara 10 za nyumbani ndani ya wiki 5, mgonjwa pamoja na mlezi wake. Wagonjwa walimudu shughuli vizuri zaidi, walezi wakajiamini. Wengi wetu wa ergoterapia tunanukuu huo na kunyamaza. Lakini Ujerumani, na baadaye Uingereza, mpango huo ulijaribiwa tena na haukuonyesha faida kuliko huduma uliyolinganishwa nayo. Kwa hiyo siahidi familia yoyote matokeo ya Uholanzi. Baada ya wiki mbili tunaangalia: hatua ile imerudi au haikurudi? Haikurudi, tunabadilisha kazi.

Vipimo vya demensia vya karatasi navyo vinadhulumu. Kumwambia mama asiyekanyaga shule aandike sentensi, au atoe 7 kwenye 100, ni kupima shule. Ulizeni: mwaka jana alifanya nini jikoni na sokoni ambacho sasa hawezi?

Na mlezi ni nani? Mara nyingi ni binti asiyeolewa, au mkaza mwana, aliyeacha biashara yake sokoni. Kaka anatuma pesa ya dawa, kisha anauliza kwa simu kwa nini mama amekonda. Kumwongezea dada huyo mazoezi mapya bila kumpunguzia kazi ni dhuluma, hata kama mazoezi ni mazuri. Familia ikae, igawane kwa saa: nani analala na mama Jumanne, nani anabeba bidoni (madumu) za maji, nani anafidia faida ya meza ya sokoni iliyofungwa.

La mwisho linahusu uhai wenyewe. Bibi anayekutwa usiku kwenye mlango wa jirani, akisema peke yake, huitwa mchawi. Mara nyingi alikuwa anatafuta choo. Wekeni ndoo karibu na kitanda na taa ndogo ya betri njiani. Kisha nendeni kwa majirani na kwa mchungaji mchana, kabla halijatokea: "Mama yetu anaumwa ubongo. Mkimkuta mlangoni usiku, mshikeni mkono, mwiteni kwa jina lake, mtupigie simu."