Bluingi: kutu nyeusi juu ya chuma cha bunduki

Weusi wenye kivuli cha bluu unaouona kwenye mtutu wa bunduki au bastola si rangi iliyopakwa kwa brashi. Ni chuma chenyewe, ngozi yake ya juu kabisa, kilichogeuzwa kuwa kitu kingine. Mafundi wa bunduki huuita bluingi, neno lililotokana na jina la Kiingereza la rangi ya bluu. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini mkwaruzo mdogo kwenye mtutu hugeuka doa jekundu baada ya siku chache tu, jibu linaanzia hapa: bluingi nayo ni kutu.

Chuma kina kutu za aina zaidi ya moja. Ile tunayoijua sote, nyekundu kama udongo, hutokea chuma kikikutana na hewa na maji. Inapoumbika huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo haitulii. Hupasuka na kubanduka, na pale ilipobanduka hewa hupata chuma kipya cha kula. Ile nyeusi huitwa magnetaiti. Katika kila atomi tatu za chuma ina nne za oksijeni, na hung'ang'ania chuma bila kukivimbisha kiasi cha kubanduka. Anachofanya fundi ni kukilazimisha chuma kivae kutu nyeusi kabla nyekundu haijakiwahi.

Viwandani hutumia njia ya moto. Vipande vilivyosafishwa vizuri hutumbukizwa katika maji yenye magadi makali ya sodiamu na chumvi za naitreti, mchanganyiko mzito kiasi kwamba huchemka kwenye nyuzi joto 140 hivi badala ya 100. Baada ya muda usiofika saa moja hutoka vyeusi. Njia ya zamani ni ya polepole. Fundi hupaka dawa yenye asidi, huacha chuma kishike kutu nyekundu makusudi, kisha hukichemsha katika maji matupu, na ile nyekundu hugeuka nyeusi. Husugua vumbi lililobaki, akaanza upya, mara nyingi, kwa siku kadhaa. Kazi hiyo haijafa, kwa sababu bunduki zenye mitutu miwili iliyounganishwa kwa solda, yaani madini laini ya kulehemu, haziwezi kutiwa katika lile beseni la magadi. Magadi yangekula kiungo. (Mafundi wa karne ya 18 mara nyingi hawakuichemsha kabisa kutu yao. Waliisugua tu mpaka ikatulia, ndiyo maana bunduki nyingi za wakati ule zina rangi ya kahawia.)

Sasa jambo ambalo wenye bunduki wengi hulikosea. Tabaka hilo jeusi lina unene wa maikromita 2.5 hivi, wakati unywele wa mtu una makumi ya maikromita. Isitoshe, lina vitundu vidogo visivyoonekana. Bluingi kavu, peke yake, huzuia kutu kidogo mno. Kinachozuia ni mafuta yanayonywewa na vile vitundu na kukaa humo. Bunduki nyeusi tii isiyopakwa mafuta itashika kutu, na ile iliyochujuka rangi lakini inafutwa kwa kitambaa chenye mafuta kila ikishikwa itadumu.

Ndiyo maana kuziba mkwaruzo ni zaidi suala la macho kuliko la kinga. Dawa za chupa ziitwazo bluingi ya baridi, kikemia, si bluingi. Nyingi zina asidi ya seleniamu pamoja na chumvi ya shaba, na weusi zinaouacha ni utando wa shaba na seleniamu uliolala juu ya chuma. Rangi yake mara chache hufanana kabisa na ile ya kiwandani, na huchakaa upesi pale mkono unapoishika silaha kila siku. Kwa mkwaruzo mwembamba au ukingo uliolika inafaa. Kwa bunduki nzima, mimi nisingeithubutu: hutoka mabakamabaka.

Anayetaka kuitumia aanze kwa kutoa risasi zote, achungulie chemba, yaani tundu risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa, na kuipapasa kwa kidole, kisha risasi azipeleke chumba kingine. Baada ya hapo kazi yote iko kwenye usafi. Mafuta yoyote yaliyobaki, hata alama ya kidole, yataizuia dawa isishike, kwa hiyo sehemu ile ifutwe kwa spiriti au asetoni na isiguswe tena kwa mkono mtupu. Glavu zinahitajika hata hivyo, pamoja na dirisha wazi, kwa sababu seleniamu ni sumu. Chuma kikiwa na uvuguvugu dawa hushika vizuri zaidi. Paka kwa pamba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza kwa maji, kausha, sugua kidogo kwa sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, rudia mpaka weusi ukolee. Kisha paka mafuta mengi na uache yalale usiku kucha, maana mabaki ya dawa hiyo yenyewe huweza kuanzisha kutu. Msasa usiukaribishe, utaondoa weusi mzuri uliozunguka mkwaruzo na kazi itakuwa kubwa mara tatu.

Dawa hii haishiki kwenye chuma kisichoshika kutu wala kwenye aluminiamu, ambayo weusi wake ni wa namna nyingine kabisa. Na bunduki ya kale iachwe na mikwaruzo yake. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa rangi ya asili iliyochakaa kuliko kwa weusi mpya.

Kama kutu nyekundu imeshaingia, ilowe kwanza kwa mafuta mepesi, kisha isuguliwe taratibu kwa sufi laini ya chuma ikiwa bado na mafuta. Siki na dawa za kuondoa kutu huwapendeza watu kwa wepesi wake, lakini asidi haichagui kati ya kutu nyeusi na nyekundu. Utapata chuma kisafi, kimeng'aa, kimevuliwa nguo.

Kuhusu kuzuia, adui wa kwanza ni mkono. Jasho ni chumvi na maji, na alama ya kidole iliyoachwa kwenye mtutu huonekana baadaye ikiwa imechorwa kwa kutu. Ala ya ngozi hufaa kubebea, si kuhifadhia. Ngozi hunywa unyevu, na mara nyingi ina chumvi za kiwanda cha ngozi. Silaha iliyotoka kwenye baridi ikaingia chumba chenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda. Ifutwe, iachwe ipate joto, ifutwe tena. Ndani ya sanduku, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi inatosha, na vipakiti vya silika hufanya kazi hiyo mradi vikaushwe vikishalowa. Mafuta yawe utando tu. Yakizidi huteremka mpaka kwenye kitako cha mbao na kukilainisha.

Kuna kutu moja ambayo mafuta hayaiwezi. Risasi za zamani ambazo viwashio vyao, vile vifuniko vidogo vinavyowasha baruti, vina chumvi ya kloreti, huacha ndani ya mtutu chumvi inayofyonza unyevu wa hewa, na mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu, ikaendelea kula chuma chini yake. Mtutu huo huoshwa kwa maji ya moto kwanza, ukakaushwa kabisa, ndipo mafuta yakapakwa.