Korongo Ni Njia ya Maji: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wanaotembea na Kuogelea Makorongoni

Ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, niliwahi kusimama mahali ambapo kuta mbili za mwamba zimekaribiana kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anazigusa zote mbili. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, na chini palikuwa pakavu isipokuwa utepe mwembamba wa maji ya moto uliokuwa ukichuruzika kutoka ubavuni mwa jabali. Juu ya kichwa changu, katika ufa, palikuwa na fungu la nyasi kavu na vijiti vilivyosokotana. Nilidhani ni kiota cha ndege, mpaka nilipoona fungu jingine kama hilo kwenye ukuta wa pili, kwa kimo kilekile. Nilinyoosha mkono na sikulifikia. Nyasi zile zililetwa na maji, na pale zilipokwama ndipo maji yalipokuwa yamefika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza kwa makini watu wanaojiandaa kwenda makorongoni, iwe ni Ol Njorowa, Ngare Sero karibu na Ziwa Natron, au maporomoko ya mteremko wa Kilimanjaro, na nimeona kwamba makosa yao hufanana. Wanalifikiria korongo kama jengo la mawe lililosimama tu pale kwa ajili ya kutazamwa, ilhali ni mfereji ambao maji yameuchimba na bado yanautumia. Ol Njorowa lenyewe lilichongwa na maji yaliyokuwa yakifurika kutoka ziwa kubwa la kale la Naivasha kuelekea kusini.

Dhana: Mbingu ikiwa safi, korongo ni salama.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Korongo halipati maji yake kutoka kwenye kile kipande cha mbingu kinachoonekana kati ya kuta zake, bali hupokea maji ya eneo lote la juu linaloteremkia humo: vilima, malisho, mashamba na barabara, ambavyo vinaweza kuwa kilomita nyingi kutoka pale ulipo. Ardhi ya huko ikiwa na mawe matupu, au udongo wake ukiwa umeshindiliwa na kwato za mifugo, mvua kubwa hainywewi na ardhi bali huteremka yote kwa pamoja. Tarehe 12 Agosti 1997, katika Antelope Canyon, jimbo la Arizona nchini Marekani, watalii 11 walikufa kwa mafuriko ya ghafla yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu wa korongo, wakati pale walipokuwa wao hapakuwa na mvua ya kumtia mtu wasiwasi.

Dhana hii ina pacha wake, yaani kwamba hatari ipo wakati wa masika na vuli pekee. Ni kweli kwamba misimu hiyo ndiyo mibaya zaidi, na Aprili 2012 watu saba wa kikundi cha kanisa walikufa Ol Njorowa katikati ya mvua za masika. Lakini tarehe 1 Septemba 2019, katika mwezi ambao si wa masika wala wa vuli, mafuriko ya ghafla yaliua tena watu saba katika korongo lilelile, na baadaye korongo likafungwa kwa wageni. Msimu unakuambia uwezekano tu. Mvua moja ya saa moja juu ya vilima haifuati kalenda. Kwa hiyo swali la kuuliza asubuhi ya safari si «hapa kukoje?», bali «huko juu jana na leo kumenyesha?», na anayeweza kulijibu ni mwenyeji anayeishi upande wa chanzo.

Dhana: Maji yakija utayasikia, nawe utapata muda wa kukimbia.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mkondo wenye upana wa mita 30 na kina cha nusu mita ni maji ambayo mtu mzima angeyatazama bila hofu kubwa. Mkondo huohuo ukibanwa katika mwanya wa mita 3 bila kuongeza kasi, kina chake hufikia mita 5. Maji hayakuongezeka hata tone moja. Yamekosa nafasi tu, yakapanda ukutani. Ndiyo maana mahali pembamba kabisa, ambapo watu hupenda kusimama wapigwe picha, ndipo mahali pabaya kabisa pa kukutwa.

Nguvu ya maji pia hupotosha macho. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya mkondo ikizidi maradufu, msukumo wake huzidi mara nne. Maji ya kimo cha goti yanayokwenda kwa kasi humwangusha mtu mwenye nguvu zake, hasa chini pakiwa na mawe yanayoteleza. Kuhusu sauti, kona za korongo huizuia, na maporomoko madogo uliyoyazoea tangu uingie huifunika, hivyo mngurumo huweza kusikika maji yakiwa yameshafika kona ya mwisho. Anayekimbia kufuata mkondo anashindana na kitu kinachomzidi mbio. Wa kuokoka ni yule aliyepanda juu mara moja, akaacha mkoba na viatu, akakaa huko hadi maji yashuke, hata kama ni usiku kucha.

Dalili za mapema zipo, na zinataka mtu anayeziangalia. Maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa na rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kuelea, au maji yanapungua ghafla bila sababu, jambo linaloweza kumaanisha kwamba magogo yameziba mahali fulani juu na yataachia. Ngare Sero, ambako mtu huvuka mto mara kadhaa kabla ya kufika kwenye maporomoko, mzee aliyetuongoza alichomeka kijiti pale maji yalipokutana na mchanga kabla hajaturuhusu kuoga. «Maji yakipita kijiti hiki,» alisema, «hatuulizani, tunarudi.» Kila baada ya dakika chache alikitupia jicho, huku akizungumza nasi mambo mengine kabisa. Sijaona kifaa cha bei nafuu kuliko hicho, wala chenye manufaa zaidi.

Hata hivyo, kuwa na mwongozaji si kinga kamili. Tarehe 27 Julai 1999, katika kijito cha Saxetbach nchini Uswisi, watu 21 walikufa kwa mafuriko ya ghafla walipokuwa wakishuka korongo, na miongoni mwao walikuwamo waongozaji watatu. Mwongozaji bora humtambui kwa jinsi anavyojua njia, bali kwa wepesi wake wa kusema «leo hatuingii» hata kama mmeshamlipa. Akisema hivyo, msibishane naye.

Dhana: Chini ya maporomoko kuna chunusi, yaani jini wa majini, anayewavuta watu.

Nimelelewa na masimulizi ya chunusi na siyadharau. Mwambao mzima, na hata bara kwa majina mengine, wazee wamekuwa wakitaja vilindi ambavyo mtu akiingia havimrudishi, na mara nyingi wamekuwa sahihi kuhusu mahali, hata kama maelezo ya sababu ni mengine. Maji yanayoanguka kutoka juu huzama hadi chini kwa nguvu, kisha sehemu yake huibuka mbele kidogo na kurudi nyuma kuelekea maporomoko. Aliye juu ya maji anaona uso uliotulia, lakini mwili wake unasogezwa kinyume na ufuko, unafika chini ya maji yanayoanguka, unazamishwa, unaibuka na kurudishwa tena. Isitoshe, maji yale meupe yamejaa mapovu ya hewa, na hewa haiushikilii mwili. Mtu huelea vibaya humo hata kama ni mwogeleaji hodari. Anayetazama kutoka ukingoni hawezi kulaumiwa akisema kuna kitu kinamvuta mwenzake. Hivyo mwenyeji akikuambia kilindi fulani hakiogelewi, usimwambie kwamba imani hizo zimepitwa na wakati. Oga pale wanapooga watoto wa kijiji.

Dhana nyingine mbili zinakaa jirani na hii. Ya kwanza ni kwamba aliyezoea bahari hawezi kushindwa na kijito. Bahari ina chumvi inayosaidia mwili kuelea, na mara nyingi mawimbi yake unayaona yakija. Mto hauna chumvi hiyo, una baridi inayokata pumzi unapoingia ghafla, na una miti iliyozama ambayo maji hupita katikati ya matawi yake lakini mwili wa mtu haupiti. Ya pili ni kwamba ukishawahi kuruka kutoka jabali fulani unaweza kuruka tena mwaka ujao. Kila mafuriko husogeza mawe na mchanga, na kilindi cha mwaka jana chaweza kuwa na jabali mita moja chini ya uso. Ingia kwa miguu, pima kina, na usiruke kichwa mbele mahali ambapo hujapapima siku hiyohiyo.

Dhana: Maji maangavu yanayotiririka hayana ugonjwa.

Vijidudu vya kichocho havionekani kwa macho, hivyo uangavu wa maji hauthibitishi chochote. Ni kweli kwamba konokono wanaovibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na kwamba vijito vya baridi vya milimani vina hatari ndogo zaidi, lakini mkondo huvichukua vijidudu kutoka mahali tulivu hadi mahali unapooga, na huvichukua dakika chache tu kupenya ngozi. Kujifuta taulo upesi si kinga ya kutegemea. Tena wapo wanaokimbilia kupima siku mbili baada ya kuoga, wakaambiwa hawana kitu, wakaridhika. Kipimo huanza kuaminika wiki kadhaa baadaye, minyoo inapokomaa, na dawa ya praziquantel nayo hufanya kazi vizuri kwa minyoo iliyokomaa.

Kwa maji ya kunywa kuna jambo jingine linalohusu sana miteremko ya volkano. Mito inayotoka Mlima Meru, ukiwamo ule uliopewa jina la Maji ya Chai, ina madini ya floridi mengi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki na kuzidi ukali. Beba maji yako.

Mwisho, wengi huamini kwamba mwenzao akizidiwa, wajibu wa rafiki ni kujitupa majini amfuate. Anayezama humng'ang'ania yeyote aliye karibu, na ajali ya mmoja hugeuka kuwa ya wawili. Mrushie kamba, mnyooshee tawi refu ukiwa umelala kifudifudi ukingoni, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara, ambalo lina uwezo wa kumshikilia mtu mzima kichwa kikiwa juu ya maji. Sisi huenda na dumu hilo kila safari, limefungwa kamba ya mita 15 kwenye mpini, na yule asiyeogelea ndiye hukaa nalo.