Umbo la Protini na Kasi ya Mageuko: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwaka 1969 histoni H4 ya ng'ombe ililinganishwa na ya njegere. Protini hii, ambayo DNA huzungushiwa ndani ya kiini cha seli, ina asidi amino 102 (vijenzi vinavyoungana kuwa mnyororo, ambao kisha hujikunja kupata umbo la protini), na tofauti zilizopatikana zilikuwa 2 tu. Mnyama na mmea walioachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita! Fibrinopeptidi nazo, vile vipande vidogo vinavyokatwa damu inapoganda, hubadilika haraka mno hata kati ya wanyama wa karibu. Tofauti kubwa namna hii ya kasi inahitaji maelezo, na mengi yanayotolewa kuhusu umbo la protini ni ya kweli nusu.

Dhana: Sehemu za ndani ya protini hazipatwi na mabadiliko ya jeni.

Zinapatwa. Kosa hutokea kwenye DNA, kabla hata protini yenyewe haijaundwa, kwa hiyo kuwa katikati ya umbo hakumpi yeyote kinga. Kinachotofautiana ni hatima ya kosa hilo. Katikati ya protini pamebanana, na asidi amino za huko nyingi ni za aina inayokwepa maji. Ukiingiza kubwa mahali pa ndogo, au yenye chaji mahali pa isiyo na chaji, mara nyingi mnyororo hushindwa kujikunja na seli huuvunjavunja. Kiumbe chenye jeni hiyo huacha uzao mchache, na baada ya vizazi badiliko hilo hupotea. Tunapolinganisha leo mifuatano, yaani mpangilio wa asidi amino kwenye minyororo ya protini, tunaona mabadiliko yaliyopita kwenye chujio tu. Yaliyokwama hayapo tena. Kasi ya kutokea kwa makosa ni jambo moja, na kasi ya makosa kudumu ni jingine. Umbo lina usemi mkubwa kwenye hili la pili.

Dhana: Ndani hapaguswi, nje ni ruksa.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inakaribia ukweli kiasi cha kuaminika. Ni kweli kwamba kwa wastani asidi amino za nje hubadilika haraka kuliko zilizozama. Lakini hakuna ukuta kati yao: kadiri sehemu inavyokuwa wazi kwa maji, ndivyo kasi inavyopanda, kidogo kidogo.

Na ndani panavumilia kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1996 maabara ya Brian Matthews nchini Marekani ilichukua lisozaimu, kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali) cha kirusi T4, na kubadilisha hadi asidi amino 10 za katikati yake kuwa za aina nyingine, methionini. Uthabiti ulipungua, lakini protini iliendelea kujikunja na kufanya kazi.

Sasa tazama nje, kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nafasi ya 6 ya mnyororo beta iko juujuu kabisa, mahali ambapo kwa dhana hii badiliko lolote lingepita. Herufi za DNA za nafasi hiyo, GAG, zikigeuka GTG, asidi amino iitwayo asidi glutamiki huondoka na nyingine, valini, huingia. Himoglobini bado inajikunja vizuri na bado inabeba oksijeni. Tatizo huja inapoiachia oksijeni hiyo: valini hujichomeka kwenye kishimo cha molekuli jirani, karibu na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88, kisha jirani naye hushikana na mwingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zinazoikunja chembe nyekundu ya damu. Huo ndio ugonjwa wa selimundu. Uso wa protini una wajibu wake, na mmojawapo ni kutonatana na wengine ovyo. Mahali pa kushikamana na molekuli nyingine, au penye kazi ya kimeng'enya, huweza kubanwa kuliko hata katikati ya protini.

Dhana: Kila protini ina kasi yake moja.

Wazo la saa ya molekuli, kwamba protini hubadilika kwa mwendo usiobadilika kama wa saa, lililoletwa na wanasayansi Zuckerkandl na Pauling miaka ya 1960, limewafanya wengi wahesabu protini nzima kwa namba moja. Fungua insulini uone. Huanza kama mnyororo mmoja wenye vipande A, B na C. A na B, jumla asidi amino 51, ndivyo homoni yenyewe, na kati ya binadamu na nguruwe vinatofautiana mahali pamoja tu, mwishoni kabisa mwa B. Ndiyo maana insulini ya nguruwe ilitibu watu kwa miaka mingi. Kipande C hukatwa na kuachwa kando, nacho kimebadilika haraka zaidi sana. Jeni ni moja, kasi si moja.

Dhana: Mifuatano ikiachana sana, maumbo nayo yameachana.

La. Mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli, na minyororo ya himoglobini zinalingana kwa takriban robo tu ya asidi amino, ilhali wanasayansi Kendrew na Perutz, waliopata Nobel mwaka 1962, walikuta mkunjo ni ule ule.

Dhana: Protini muhimu zaidi ndiyo inayobadilika polepole zaidi.

Umuhimu una mchango, lakini mdogo kuliko unavyotarajiwa. Kwenye hamira, kinachotabiri kasi vizuri zaidi ni wingi: protini inayotengenezwa kwa nakala nyingi hubadilika polepole. Maelezo yenye nguvu yanaturudisha kwenye umbo. Nakala nyingi zikijikunja vibaya, taka hizo huidhuru seli hata kama kazi ya protini yenyewe ingezibwa na nyingine.

Dhana: Pasipo na umbo, hapana kizuizi.

Sehemu zisizo na mkunjo maalumu kwa kawaida hubadilika haraka, tena hupokea na kupoteza vipande kiasi kwamba kuzipanga sambamba ni kazi ngumu. Lakini ndani yake mna vijifuatano vya asidi amino chache ambavyo protini nyingine huvitambua na kuvishika, na hivyo hudumu huku kila kitu pembeni yake kikibadilika. Anayezikata sehemu hizo kabla ya uchambuzi huvitupa pamoja nazo.