Chaguo la 208

Dirisha la usajili likikaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. Wazazi, mashabiki wa Coastal Union, timu yetu ya soka hapa Tanga, wenzangu tunaofundisha vijana huku Makorora na Ngamiani, wote swali lao ni moja: kocha, tumsajili nani tupate ubingwa?

Huwa nawajibu kwa mfano wa mchezo ambao hapa Tanga hauna hata pa kuchezewa, magongo ya barafuni. Kwa shughuli yangu ya kulea vikosi, sijaona shule nzuri kuliko Tampa Bay Lightning ya Florida, mabingwa wa 2020 na 2021.

Kwenye ligi yao vijana huchaguliwa kwa zamu kila mwaka, na timu zilizoshika mkia ndizo hutangulia. Tampa ilipokuwa hoi ilimpata Steven Stamkos, chaguo la kwanza 2008, na Victor Hedman, la pili 2009. Hao hata mtoto angewaona. Kazi yenyewe iko huku chini: Nikita Kucherov alichukuliwa wa 58 mwaka 2011, Brayden Point wa 79 mwaka 2014, wengi wakimwona mdogo wa umbo. Ondřej Palát alikuwa wa 208, raundi ya saba, ya mwisho. Yanni Gourde hakuchaguliwa na timu yoyote kabisa.

Basi hawakupewa jezi ya timu kubwa siku ya pili. Palát alipelekwa Norfolk, timu ya kulelea, chini ya kocha Jon Cooper. Msimu wa 2011/12 Norfolk ilishinda mechi 28 mfululizo ikatwaa kombe la daraja lao. Mwaka uliofuata Cooper akapandishwa Tampa, na huko juu akakutana na vijana wale wale. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote: mwalimu na wanafunzi walipanda pamoja. Mchezaji hakuanza kujifunza upya kila kocha anapobadilika.

Halafu ikaja 2019. Walishinda mechi 62 kati ya 82, wakaingia hatua ya mtoano wakiwa tishio, wakatolewa raundi ya kwanza na Columbus, michezo minne kwa sifuri. Kwetu hapa kocha angefungashiwa virago usiku ule ule. Cooper alibaki, na nyota hawakuuzwa. Uongozi ulijiuliza kinachopungua ni nini, na Februari 2020 ukawaleta Blake Coleman na Barclay Goodrow, watu wa kukaba na kugombania kisahani, ambacho ndicho mpira wa mchezo huo, kwenye kona, kwa kutoa haki zao za kuchagua raundi ya kwanza. Unatoa chipukizi wa kesho pale tu kikosi cha leo kimeshaiva. Ukifanya hivyo mapema umekula mbegu.

Baada ya ubingwa wa pili, Gourde, Coleman na Goodrow wote waliondoka: Gourde alichukuliwa na timu mpya ya Seattle, na wengine wawili hawakuweza kubakizwa, maana ligi ile ina ukomo wa mishahara kwa kila timu. Bado 2022 Tampa ilifika fainali, ikafungwa na Colorado.

Sisi hatuna zamu ya kuchagua wala ukomo huo. Coastal, Wagosi wa Kaya, walibeba ubingwa wa ligi 1988, na tangu hapo tunasubiri. Mwaka 2022 tulitoka 3-3 na Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, Abdul Suleiman "Sopu" akafunga yote matatu, tukapoteza kwa penalti. Muda si mrefu Sopu akaenda Azam. Kijana kufuata maslahi ni haki yake. Mimi nauliza aliyekuwa nyuma yake ni nani, na alikuwa amelelewa miaka mingapi na kocha mmoja.

Kwa hiyo anayenipigia kutaka jina, namsomea daftari langu. Ukurasa wa wiki iliyopita una winga wa miaka 15, mfupi, mguu wa kulia bado mzito. Alipokonywa mpira mara nne, na mara zote nne aligeuka kukimbilia golini kwake kabla mtu hajamwita. Nimeandika hivyo na tarehe. Nitamtazama tena baada ya miezi mitatu, halafu mwakani.