Kutetea maktaba ya shule si kuchangisha vitabu

Wiki hii nimeulizwa tena na mwalimu, kwa nia njema kabisa: "Nataka kuitetea maktaba yetu. Nianzie wapi kuchangisha vitabu?" Swali hili nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo nalijibu kwa maandishi, siku nyingine niwe natuma kiungo tu.

Kuchangisha vitabu ni kuchangisha vitabu. Hakumtetei mtu. Shule inaweza kupokea lundo la makatoni yenye ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, vitabu vya kiada vya mtaala uliokwishafutwa na miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia tena, halafu muhula huohuo ikamhamishia mkutubi wake kwenye zamu za ofisi. Nimeona pia michango ikigeuzwa kuwa sababu ya kukata bajeti: "Si mmeshapata vitabu?" Tena kitabu cha bure kina gharama yake. Kuna kukikagua, kukiorodhesha, kukipa namba ya rafu, kukibandika lebo, na mara nyingi kukiondoa kabisa. Hayo atayafanya nani ikiwa mkutubi yuko ofisini anapokea simu?

Ninyi walimu mnatakiwa kumtetea mtu mwenye ujuzi, saa zake za kazi, na fedha kidogo inayokuja kila mwaka bila kuombwa upya. Ilani ya maktaba za shule ya 1999, ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba), ilishamtaja mkutubi wa shule kuwa mfanyakazi mwenye sifa za taaluma, anayepanga na kuendesha maktaba kwa kushirikiana na jumuiya nzima ya shule. Miongozo ya IFLA ya 2015 ikalieleza hilo kwa urefu zaidi. Chumba chenye rafu na kisicho na mtu huyo ni stoo yenye madirisha mengi.

Na kwa nini mwalimu ndiye aseme? Kwa sababu mkutubi akisimama mbele ya bodi, wajumbe wanasikia mtu anayetetea mshahara wake, hata kama maneno yake yote ni kweli. Mwalimu wa kemia akisimama na kusema "bila yule dada wa maktaba, ripoti za maabara za kidato changu zingekuwa uchafu", watu wanainua vichwa, maana yeye hana cha kupata. Mwalimu wa lugha ana uzito mdogo kidogo, kwa kuwa kila mtu anatarajia atapenda vitabu. Nikipewa kuchagua msemaji mmoja, nachukua wa sayansi au hisabati.

Sasa takwimu. Hapa ndipo ninapokereka zaidi, kwa hiyo mnivumilie.

Mwalimu akishaamua kutetea, hukimbilia namba, na namba zinazopendwa ndizo zinazovuja. Mfano ni utafiti wa Ross Todd na Carol Kuhlthau wa jimbo la Ohio, Marekani, uliotoka 2004: wanafunzi 13,123, shule 39, na asilimia 99.4 wakasema maktaba iliwasaidia kwa namna fulani katika masomo. Tamu kweli. Ila zile shule 39 hazikuokotwa kwa bahati nasibu. Zilichaguliwa kwa sababu maktaba zake zilikwisha kuonekana zinafanya kazi vizuri. Watafiti walitaka kujua maktaba nzuri zinamsaidiaje mwanafunzi, na hilo wamelieleza vizuri sana. Hawakuuliza kama maktaba yoyote ile inasaidia. Ukiiweka hiyo 99.4 mbele ya mjumbe aliyesoma takwimu kidogo, atakuuliza shule zilipatikanaje, na hapo utakaa chini.

Wengine huleta utafiti wa Mariah Evans na wenzake wa 2010, uliotumia takwimu za nchi 27: watoto waliokulia kwenye nyumba zenye vitabu vingi walisoma takriban miaka 3 zaidi ya wale wa nyumba zisizo na vitabu, hata ukishazingatia elimu na kazi za wazazi. Nyumba, jamani. Haukuhusu shule. Kila nikiuona kwenye maombi ya bajeti ya maktaba ya shule natamani kumpigia simu aliyeyaandika.

Tafiti za jimbo la Colorado, Marekani pia, za Keith Curry Lance na wenzake, ule wa 1993 na ule wa 2000, ndizo ninazozitegemea, na hata hizo nazishika kwa tahadhari. Zilionyesha kuwa alama za kusoma huwa juu zaidi pale ambapo maktaba ina watumishi na mkusanyo wa kutosha, hata tofauti za kipato za jamii zikishawekwa kwenye hesabu. Lakini huo ni uhusiano tu, mambo mawili kwenda pamoja, si uthibitisho kwamba moja limeleta jingine. Mkuu wa shule makini huajiri mkutubi, na huyohuyo huajiri walimu wazuri na kufuatilia mahudhurio. Alama zimepandishwa na nani? Hesabu za aina hii hazitoi jibu la kumaliza ubishi, na anayekuambia vingine anakuuzia kitu. Ninachokiokota kwenye ule wa 2000 ni kipengele ambacho watetezi wengi hukiruka: alama zilikwenda pamoja na ushirikiano, yaani mkutubi na walimu kupanga na kufundisha pamoja. Kwa lugha nyingine, sehemu ya ushahidi imo mikononi mwenu.

Basi acheni namba za Marekani zibaki kwenye aya moja, mje na kazi za wanafunzi wenu. Chukua insha moja ya utafiti ya mwanafunzi wa kawaida, asiwe bingwa wa darasa. Fungua ukurasa wa marejeo. Kabla ya kufundishwa na mkutubi ameandika: "1. Google. 2. Wikipedia. 3. Intaneti." Namba tatu imewahi kunichekesha hadi nikaikata nikaibandika ukutani. Kisha chukua insha yake iliyofuata, baada ya wewe na mkutubi kufundisha pamoja namna ya kuhoji chanzo: mwandishi, mwaka, kitabu, na pembeni kwa penseli, "tovuti hii nimeiacha, wanauza dawa wanayoisifia." Sentensi hiyo ya penseli ina nguvu kuliko chati. Mwalimu mkuu ataisoma mara mbili. Ficha jina la mwanafunzi, toa nakala, weka kurasa hizo mbili sambamba mezani.

Msije na idadi ya vitabu vilivyoazimwa peke yake. Nikilazimisha kila mwanafunzi aondoke na kitabu kila Ijumaa, uazimaji utapanda mwezi huohuo na hakuna atakayekuwa amesoma zaidi. Vitabu vitakwenda na kurudi bila kufunguliwa.

Lipo jambo lisilopendeza kusemwa kwenye chumba cha walimu. Wengi wenu mnaleta darasa mlangoni mwa maktaba, mnalikabidhi, mnarudi kusahihisha madaftari. Nawaelewa, madaftari hayaishi. Lakini ratiba inayompa mkutubi darasa baada ya darasa kutwa nzima, ili walimu wapumue, ndiyo inayomnyima saa ya kupanga chochote na yeyote. Mwisho wa mwaka mkuu wa shule anaangalia na kuona mtu anayelinda watoto, na kulinda watoto kunaweza kufanywa na mtu wa mshahara mdogo zaidi. Mkitaka kumtetea, anzeni kwa kubaki ndani ya kipindi. Kipindi kimoja mlichokifundisha wawili kina faida kuliko barua ya kurasa tatu yenye sahihi za walimu wote.

Mengine kwa haraka. Ombi lipelekwe kabla bajeti haijaandikwa; ikishasainiwa mnasikilizwa kwa heshima tu. Liwe ombi moja, lenye kiasi na tarehe. Liunganishwe na tatizo ambalo mkuu wa shule tayari linamnyima usingizi, liwe ni udanganyifu kwenye insha au kusoma kwa madarasa ya chini. Wazazi wawili wanaoelewa hoja wanatosha. Umati unatia hasira.

Nina mashaka yangu pia. Mara nyingi nilipoona utetezi umefanikiwa, mkuu wa shule alikuwa nusu ameshakubali kabla hatujafungua mdomo. Inawezekana kazi yetu huwafaa hao tu, wakaidi wakabaki walivyo. Na ziko shule ambazo, kama mkoba ningeushika mimi, ningeajiri kwanza mwalimu wa hisabati anayekosekana. Mkutubi mwenzangu atakayesoma hapa atanuna. Lakini mjumbe wa bodi hulijua hilo, na mwalimu anayeanza kwa kulikubali husikilizwa vizuri kuliko anayejifanya halipo.

Mkikataliwa, msiondoke na "tutaangalia". Ombeni waandike kwenye kumbukumbu za kikao ni ushahidi gani ungewafanya wakubali, na kikao gani kitalijadili tena. Wakisema wanataka kuona mabadiliko kwenye insha, mna muhula mzima wa kukusanya kurasa za marejeo. Wakisema hakuna ushahidi utakaotosha, basi tatizo ni fedha au ni mtu, na hapo mazungumzo yahamie kwa mhasibu.