Kugawanya Desimali: Kwa Nini Nukta Huhamishwa Katika Namba Zote Mbili

Katika kufundisha kwangu hisabati darasa la sita, sijaona kanuni inayokaririwa kwa bidii na kueleweka kwa shida kama ile ya kuhamisha nukta. Mwanafunzi akipewa 4.5 ÷ 0.75 huandika upesi 450 ÷ 75 na kupata 6, jibu ambalo ni sahihi kabisa. Lakini nikimwuliza kwa nini nukta imehama hatua mbili, tena katika namba zote mbili, hunyamaza, au hunijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa.

Mimi huanza na mafuta ya kula. Dumu lina lita 4.5, nasi tunataka kuyagawa katika chupa zinazochukua lita 0.75 kila moja. Tukiacha lita tukapima kwa mililita, mafuta yatakuwa mililita 4,500 na kila chupa itachukua mililita 750, lakini hakuna tone lililoongezeka wala chupa iliyotanuka, hivyo idadi ya chupa zitakazojaa inabaki ile ile, 6. Kuhamisha nukta ni kubadili kipimo, na kipimo kikibadilika kwa mafuta sharti kibadilike kwa chupa pia; anayehamisha nukta upande mmoja tu amepima mafuta kwa mililita na chupa kwa lita. Aliyekwisha kusoma sehemu ataitambua hoja hii, kwa maana kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) vikizidishwa kwa namba ile ile, thamani ya sehemu haibadiliki.

Namba inayogawanya ndiyo inayoamua idadi ya hatua, kwa kuwa hiyo ndiyo tunayotaka iwe namba nzima. Inayogawanywa inaweza kubaki na desimali yake bila tatizo lolote. Kwa mfano, 6.12 ÷ 0.3 inakuwa 61.2 ÷ 3, na jibu ni 20.4. Hapa wengi huandika 2.4, kwa sababu 3 haiingii katika 1 nao husahau kuweka sifuri mahali pake. Ndiyo maana huwataka wanafunzi wangu wakadirie kabla ya kugawanya: 6 kwa 0.3 ni 20, kwa hiyo 2.4 haiwezi kuwa jibu. Wengine hushangaa kwamba jibu limekuwa kubwa kuliko namba iliyogawanywa, na mshangao huo mimi huupokea kwa furaha, kwani huturudisha kwenye dumu: chupa ikiwa ndogo kuliko lita moja, idadi ya chupa lazima izidi idadi ya lita.

Panapohitaji uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye baki, na nasikitika kwamba jambo hili hupitiwa haraka mno darasani. Tuseme mafuta ni lita 5.3 na chupa ni za lita 0.4. Tunagawanya 53 kwa 4, tunapata 13, baki 1. Je, imebaki lita moja? Ingebaki lita nzima, tungejaza chupa nyingine mbili. Tulipozidisha kwa 10 tulianza kuhesabu sehemu za kumi za lita, na hiyo 1 ni mojawapo ya sehemu hizo. Mafuta yaliyobaki ni lita 0.1, yaani robo ya chupa, na ndiyo sababu anayeendelea kugawanya hadi mwisho hupata 13.25.